Malaika Niliyemficha Jina

Kijiji cha Kibugu, Mstari wa Nne,
S.L.P. Embu.
9 Oktoba 1955

Mpendwa ndugu yangu Runji,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, na kabla ya yote nauliza: kifua chako kimepona? Joto la Voi bado linakunyima usingizi? Huku baridi ya mlima imetuzidi, laiti ningeweza kukutilia kidogo kwenye bahasha. Mama hajambo, ila magoti. Mutugi wangu ameota meno manne na anauma kila kitu. Baba yake, Kathuri, bado yuko kizuizini. Mwezi wa nane tulipata kadi yake moja, anasema yu hai.

Naandika kwa Kiswahili changu hiki cha shule ya misheni kwa sababu barua za Kiembu hukaa wiki nyingi kwa wale wanaozifungua. Makosa ya lugha utayasamehe. Kuna kosa jingine ambalo ndilo limenishikisha kalamu.

Runji, uliniambia kwamba ile barua yangu ya mwezi wa saba uliisoma mbele ya ndugu wa ushirika huko Voi, wakaimba kwa furaha. Najua sauti yako. Wewe hata ukisoma bei ya chumvi wanawake hutoa leso. Lakini tangu nipate habari hiyo sili nikashiba. Nilikuandikia kwamba nilipofungwa kambini Mungu alimtuma malaika akamnyonyesha mwanangu. Malaika huyo ana jina, nami nililificha makusudi. Mficha maradhi kilio humfichua, basi acha nijifichue mwenyewe.

Ni Lydiah, mke wa Mbaka. Naam, Mbaka yule homugadi, mgambo wa serikali, aliyetia kiberiti nyumba ya baba siku tulipohamishwa, kitanda chako na vitabu vyako vikiwa ndani. Tulipoletwa kijijini hapa nyumba ziligawanywa kwa namba, nami nikaangukia ubavuni mwake. Kila asubuhi alinisalimu, nami nikajifanya nafunga mzigo. Kila jioni niliomba Mungu awalipe.

Mwezi wa tano mtoto wao mchanga alikufa kwa homa. Unajua desturi yetu: mama akifiwa, kila mwanamke wa jirani hupita mlangoni pake akaweka kuni na uji, hata kama jana walitukanana. Mimi nilipita hapo na mzigo mzima mgongoni, sikutua hata kijiti. Na neno hili nilimficha hata Mama: nilipofika ndani nilipiga magoti nikamshukuru Mungu. Nilidhani amenijibu. Naona haya kuliandika.

Siku kumi na mbili baadaye nilikamatwa langoni nikienda shambani. Nilikuwa nimefunga viazi vya mchana, askari akaviona ni vingi kwa mtu mmoja, akasema nawapelekea watu wa msituni. Nikakaa kambini siku tano nikihojiwa. Mutugi alikuwa na miezi saba, hajui chakula ila ziwa. Maziwa yaliniloanisha nguo, nami nikamwomba Mungu jambo moja tu, afungue lango nitoke. Nilimpangia Mungu kazi kama mzee wa kijiji anayegawa zamu za kuchimba handaki. Lango halikufunguka. Siku ya tatu nilimwambia kwamba hanisikii.

Nilipoachiliwa nilikimbia nikijua nitakuta kaburi. Nilimkuta Mama ameketi mlangoni kwa Lydiah, na mwanangu yuko kifuani pa Lydiah, ananyonya, miguu inacheza. Mama alinieleza kwamba mtoto alikataa uji siku nzima, akalia mpaka sauti ikakauka. Ndipo Lydiah akaja bila kuitwa, akamwambia Mama kama bibi yake, "Cucu, nipe huyo. Maziwa yangu bado yapo."

Yalikuwako kwa sababu wa kwake alikuwa kaburini.

Na mimi nilifanya nini? Nilimnyakua mtoto, nikachukua maji ya chumvi nikamsugua ulimi mbele ya macho ya Lydiah, kana kwamba alikuwa amelishwa sumu. Lydiah alifunga gauni lake, akasema tu, "Amezoea kulalia ubavu wa kushoto." Akaingia ndani. Runji, heri angenipiga.

Sisemi kwamba Mungu alimchukua mmoja ili mwingine ashibe. Hayo siyajui, na anayeniambia anayajua simwamini. Ninachojua ni kwamba niliomba lango nikapewa ziwa, na jibu lilipofika nililisugua kwa chumvi. Kisha nikakuandikia habari za malaika, maana malaika hana mume, wala hapitwi mlangoni, wala haombwi msamaha.

Jumamosi iliyopita nilibeba mzigo wa kuni nikautua kwa Lydiah, nimechelewa miezi mitano. Wanawake wa mstari wetu waliacha kutwanga ili watutazame. Nilimwambia yote, hata ile sala ya shukrani. Alilia, nami nikalia. Hakusema amenisamehe. Alisema, "Kesho niletee mtoto."

Sasa nakusihi, barua hii nayo uisome mbele ya watu wale wale, na jina lake ulitaje. Na ukinijibu, mtumie Lydiah salamu kwa jina. Najua vitabu vyako vingali vinakuuma, nami sikuambii umpende Mbaka.

Mama anakusalimu na anauliza kama unakula. Mjomba Misheck anakusalimu, na shangazi Wamuyu, ambaye bado anakutafutia mchumba usiyemwomba.

Nilitaka kuifunga barua hapa, lakini ngoja nikuambie la jana. Lydiah alikuwa uani akipepeta maharagwe. Mutugi alitambaa mpaka kwake, akashika upindo wa nguo yake, akamwita, "Mama." Ni mara yake ya kwanza kulitamka neno hilo, mimi bado hajaniita. Lydiah aliganda na ungo mkononi, akanitazama kwa hofu. Mtoto akamwita tena. Nikamwambia, "Itika."

Mungu akulinde kazini na njiani, na akikujibu, akupe macho ya kumwona anayemtuma.

Ni mimi dada yako akupendaye, mwenye haya,

Wambura