Nipimeni Hapa Hapa

Yunis uko wapi?? Pokea simu!

Haya, basi soma. Leo nililala chini. Mbele ya ukoo mzima, na gauni langu la kanisani, nililala chini kando ya kaburi la Nathanaeli wangu!

Kaanza Kristofa, mtoto wa shemeji. Kapigilia vigingi hapo hapo pembeni ya kaburi, anataka kujenga nyumba ya kupangisha Wazungu wanaohamia Lushoto kwa sababu maisha ni nafuu. Nikamwambia hapo ndipo nitakapozikwa mimi, ubavuni mwa mume wangu. Akacheka! "Mama mkubwa, ukifa tutakusafirisha kwenu Denmaki. Si na wewe ulikuja hivyo hivyo, kufuata maisha nafuu?"

Maisha nafuu! Mimi!!

Yunis, ulikuwepo. Mwaka sabini na nne, shamba la ujamaa, nani alibeba mawe ya matuta na mimba ya mwanangu Januari tumboni? Ugali wa Yanga, ule wa unga wa njano wa msaada wa njaa, si tulikula wote sufuria moja?

Eti "kwenu".

Basi nikalala. Nikanyoosha miguu. "Nipimeni hapa hapa."

Mchungaji, aliyekuja kuombea kaburi, akafunga Biblia yake.

Tatizo magoti, kuinuka nikashindwa. Usicheke! Kristofa akaja kunishika mkono, nikaukataa. Nikamwambia siinuki mpaka ang'oe vigingi vyake. Akaving'oa kimoja kimoja, mimi nimelala namtazama.

Sasa viko jikoni kwangu, vinachemsha chai. Njoo unywe.