Ukurasa wa mwisho wa kitabu cha muuaji

Albertine! Kile kitabu cha muuaji wa mji mudogo, kile bwana yako Kabeya anacho sasa, kisitoke nyumbani kwako!

Shefu wa gare, mukubwa wao pale stesheni ya treni, anakitaka. Muzungu mwenyewe! Leo amemwambia mutoto wangu Donatien mbele ya makarani wote: "Nasikia munasoma kitabu kizuri. Nipeni na mimi."

Nipeni! Na anacheka.

Unajua desturi ya makarani: kila anayemaliza kitabu anaandika maoni na jina lake kwenye ukurasa wa mwisho. Karani Bruno aliandika tu kwamba hadithi ni ndefu mno. Lakini Donatien wangu? "Muuaji huyu njo shefu wetu kabisa, hata kucheka kwao ni kumoja." Na jina lake chini, kwa mwandiko muzuri aliofundishwa na mapadri!

Nimemuuliza: "Akili yako ilikuwa wapi?"

"Mama, ni maoni tu."

Maoni! Watu wanafukuzwa kazi kwa maoni, wanafungwa!

Chana ule ukurasa, uchome sasa hivi. Tutasema panya wamekula.

Usimungoje Kabeya. Donatien anasema bwana yako amekwisha kuandika chini yake: "Ni kweli. Bibi yangu Albertine pia anasema vilevile."