Kishikwambi cha Shangazi

Tunduru,
Jumapili asubuhi.

Mama yangu,

Shikamoo. Itikia hata kama bado umenikasirikia, maana sijasikia ugomvi uliokataza shikamoo. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua uliyopewa zahanati unaitumia mwenyewe, au nusu yake umeshawagawia majirani? Alizeti imeanza kuinamisha vichwa? Mimi huku mwili hauna neno. Nakula, nalala, na malaria msimu huu imenipita kando. Moyo ndio unaoumwa, na ndio ulionipeleka dukani kununua karatasi na bahasha, hadi muuzaji akaniuliza kama naomba kazi.

Siku kumi na mbili nimekupigia simu na hupokei. Basi nimerudi kwenye kalamu. Mwenzangu mmoja anasafiri kwenda Dodoma, atawakabidhi barua hii watu wa basi la Singida, na kaka Hamisi ataichukua stendi. Nakuomba jambo moja: vaa miwani usome mwenyewe. Usimpe Hamisi akusomee. Ana tabia ya kuruka mistari inayouma.

Maneno yako ya mwisho kwenye simu yalikuwa haya: "Umenivua nguo mbele ya wifi yangu. Usinipigie mpaka umwangukie shangazi yako." Ukakata. Hukuniuliza kwa nini nilifanya nililofanya. Hadithi umeisikia upande mmoja, na upande huo ulikuja nyumbani Ilongero kwa bodaboda kutoka mjini ukiwa umeshalia njia nzima. Sasa sikiliza na wa kwangu.

Kumbuka siku ile kabla sijasafiri, majirani walipokuja kuniaga. Shangazi Mwajuma alifika na boksi lake, akalifungua katikati ya watu. Kishikwambi kipya, chembamba, na kibodi yake ya kubandika kwa sumaku. Ilipojishika yenyewe, ta!, vigelegele vikapigwa kama bibi harusi ameingia. "Mwanangu kaajiriwa," akasema, "hawezi kwenda ugenini kabeba lile dude zito. Siku hizi wa maofisini wote wanatumia hivi." Mama Neema akadakia kwamba hata walimu wanavyo. Mimi nilishukuru, na nilishukuru kwa moyo kabisa. Nani angekataa kuwa na viwili?

Ndipo ukafungua mdomo wewe. Umenifundisha tangu nikiwa mdogo kwamba jirani akituletea kitu kwenye ungo, ungo wake tusiurudishe mtupu, tutie hata konzi ya karanga. Sawa. Lakini siku ile hukutia karanga. Ulisema, tena kwa sauti ya kusikika hadi nje, "Wifi, na wewe usiondoke hivi hivi. Zuhura, ile kompyuta yako ya zamani si huihitaji tena? Mpe mdogo wako Athumani." Nilitaka kusema, ukanifinya paja chini ya kanga. Alama ya kucha zako nilifika nayo Tunduru. Na kompyuta ya zamani uliyoisema, mama, ilikuwa na miaka miwili tu, na niliinunua kwa alizeti yangu ya misimu miwili, niliyoipalilia mwenyewe.

Kazi yetu huku ni kuchora ramani za vijiji: hapa makazi, hapa mashamba, hapa malisho, hapa msitu. Asubuhi tunazunguka na wenyeji tukichukua alama za mpaka kwa kifaa cha kupimia, kisha tunarudi ofisini kuziunganisha kwenye kompyuta. Mkataba ulisema kila mchoraji aje na kompyuta yake. Wenzangu wakaja na kompyuta. Mimi nikaja na zawadi.

Nikisema kishikwambi ni kibaya nitakuwa mwongo, na shangazi atapata la kushika. Chaji yake inakaa kutwa nzima, na umeme wa huku unakatika unavyotaka. Ni chepesi, kinaingia kwenye mkoba pamoja na chapati zangu. Picha kinapiga safi. Barua za ofisi na taarifa za mikutano nimeandikia humo humo na hakuna aliyelalamika. Mtu wa kuandika, kusoma na kuangalia picha za harusi, kinamtosha kabisa na asihangaike kutafuta kingine. Kinachokishinda ni kazi yenyewe niliyoajiriwa. Programu ya kuchorea ramani haiingii humo. Nimejaribu mimi, akajaribu fundi wa mjini, akajaribu mwenzangu Fadhili ambaye mambo hayo ndiyo aliyosomea. Jibu ni lile lile, haiwezekani. Ipo nyingine ya kwenye simu inayofanana nayo. Hiyo inakuonyesha ramani, unaikuza kwa vidole, unaifurahia, lakini mpaka wa kupelekwa wilayani huwezi kuuchora. Data tunaletewa kwa flashi, na flashi haina pa kuchomeka. Nikanunua kiunganishi. Yakatokea majina ya mafaili, nikiyagusa hayafunguki. Na hiyo kibodi iliyopigiwa vigelegele inataka meza. Ukikipakata mapajani kinaanguka chali kama mlevi.

Siku ya kwanza nilipokulalamikia uliniuliza, "Kina kioo, kina herufi, sasa tofauti iko wapi?" Tofauti ndiyo hiyo niliyokueleza. Hukuisikiliza siku ile kwa sababu ulikuwa umeshaniona mtoto asiye na shukrani.

Fadhili alinionea huruma. Akienda kula mchana na kuswali, ananiachia kompyuta yake. Saa moja na kitu hivi. Kwa hiyo mwezi mzima mimi sikula mchana, nilichora. Vijiji viwili nilivimaliza vizuri. Cha tatu, siku ya mwisho, nilikuwa nasikia viatu vyake vinarudi koridoni, nami bado upande mmoja. Nikaunganisha alama ya kumi na nne na ya kumi na sita. Ya kumi na tano nikairuka. Sikugundua. Kwenye kona ile ya kumi na tano kuna kisima.

Ramani ikachapishwa, ikabandikwa ukutani kwenye darasa la shule ya kijiji, watu wa vijiji viwili wakaitwa kuja kuikagua. Bibi mmoja akaisogelea, akafuata mstari kwa kidole, akasimama. Akageuka akanitafuta kwa macho. "Binti, mimi nateka maji pale tangu sijavunja ungo. Leo kisima chetu umewapa hawa. Wamekupa nini?" Wa kijiji cha pili wakaanza kucheka, wa kwanza wakainuka na madawati. Mtendaji alipiga meza mpaka mkono ukamuuma. Mkutano ulivunjika, na mimi nilitolewa kupitia mlango wa nyuma kama mwizi wa kuku. Mimi, mama, ambaye sijawahi kuchukua hata embe la mtu.

Msimamizi wetu ni mama wa makamo, mpole, na upole wake ndio unaotisha. Hakunigombeza. Alinisubiri ndani ya gari akasema, "Zuhura, kwenye usaili ulichora vizuri kuliko wote. Ile kompyuta uliyokuja nayo siku ile iko wapi?"

Nikasema nimempa ndugu yangu.

"Ulimpa kabla ya kupata kazi, au baada?"

"Baada."

Akanitazama, anasubiri nimalizie. Ningesemaje? Kwamba mama alinifinya? Akanipa wiki mbili niwe nimepata kompyuta, na wakati nasubiri nikae mlangoni kwenye mikutano niandike majina ya wanaohudhuria. Kwa kazi hiyo kishikwambi kinafaa sana.

Nikampigia Athumani. Unajua alivyo, kila kitu kwake mchezo. "Dada, mbona unanitafutia balaa? Ile ndiyo inayopiga muziki hapa saluni. Mteja akikaa kwenye kiti anachagua video. Nikiitoa wananihama." Nikamwambia aniazime wiki sita tu. Akasema, "Muulize mama." Anamaanisha mama yake, shangazi.

Nikampigia shangazi, na adabu zote nilizitanguliza. Nilimwamkia, nikaulizia presha, nikaulizia kuku wake. Ndipo nikasema, "Shangazi, zawadi yako naitumia kila siku na naishukuru. Naomba tu Athumani aniazime ile kompyuta mpaka mkataba uishe." Kuazima, mama. Neno lililotoka kinywani mwangu ni kuazima. Akasema, "Kwa hiyo nilikununulia takataka." Nikamwapia kwamba sivyo. Hakunisikia tena. Kesho yake alikuwa barazani kwako, na mwisho wake unaujua.

Shangazi simlaumu sana. Yeye hajui kazi yangu, aliona kitu kipya kizuri akaninunulia. Wewe ulijua. Ulikaa na mimi kwenye kigoda wakati wa mavuno nikakuchorea shamba letu kwenye kompyuta ile ile. Uliweka kidole kwenye kioo ukasema, "Huu mpaka wa baba yako, ule wa mdogo wake, hebu ongeza kidogo kwetu." Tulicheka mpaka Hamisi akaja kuuliza kuna nini. Uliona kwa macho yako kitu kile kinafanya nini, ukakitoa.

Najua unachoogopa. Tangu baba afariki unaishi kwenye ardhi ya ukoo wake, na shangazi ndiye anayesikilizwa kwenye ukoo. Akikusifu, hakuna anayethubutu kuuliza mjane bado anafanya nini pale. Naelewa, wallahi naelewa. Lakini siku ile ulinunua amani yako kwa kitu changu bila kuniuliza. Ungenivuta jikoni tukiwa wawili, ukaniambia, "Mwanangu, nisitiri," labda ningekitoa mwenyewe na nisikutajie tena maisha yangu yote. Labda. Sasa hata mimi sitajua, na hilo linanitia uchungu kuliko kompyuta yenyewe.

Wiki mbili zimekwisha juzi. Nafasi ya kuchora amepewa dada mmoja kutoka Songea, amekuja na kompyuta yake. Mkataba wangu unaishia mwezi huu na hauongezwi. Kile kijiji kimechorewa ramani mpya na kisima kimerudi kwa wenyewe. Jina langu halipo chini ya ramani ile, na ni haki lisiwepo.

Jana nilimwomba radhi shangazi. Nilipiga magoti hapa chumbani ingawa kwenye simu hayaonekani, kwa sababu ulisema nimwangukie, nami nimeanguka. Akanisamehe. Akanipa na dua. Kompyuta hakuitaja, na mimi sikuitaja. Sharti lako limetimia, mama, kwa hiyo mbele ya wifi yako umevaa nguo zako zote.

Msalimie kaka Hamisi, mwambie namshukuru kwa kufika stendi na asifungue bahasha. Msalimie wifi yangu, mke wake, apunguze kubeba ndoo na tumbo lile. Msalimie Mama Neema jirani, mwambie maombi yake ya kanisani nayahitaji sana mwezi huu, asinisahau. Msalimie na mzee wetu wa madrasa aliyenifundisha kuandika kwa mstari ulionyooka. Shangazi usimsalimie, tumeshasalimiana.

Sijajua kama nitarudi nyumbani au nitatafuta kibarua huku huku. Nikiamua utaambiwa.

Ukimaliza kusoma utataka kunipigia, nakujua. Mara ya kwanza sitapokea. Nitaiangalia simu ikiita na jina lako limeandikwa pale, mpaka ikate yenyewe, ili na wewe uonje inavyokuwa. Piga tena.

Mwanao,
Zuhura