Glasi ya Dirishani Si Chai

Baba watoto,

Glasi iliyo dirishani si chai ya maziwa, usije ukainywa. Ni mafuta ya haidroliki ya trekta. Asubuhi plau iligoma kunyanyuka, nikachota kidogo nione. Meupe kama wingu! Yameingia maji. Trekta usiliwashe kabisa.

Nilikaa nikiitazama ile glasi, maji yakizama taratibu, mafuta yakipanda na kung'aa kwa jua, mpaka hasira zikanipotea nikawa kama naota. Jana uliliosha trekta ili unifurahishe, mfuniko wa tangi la mafuta hayo ukauacha wazi.

Nimefuata mafuta mapya. Ukipakua chakula, funika sufuria. Wewe na mifuniko!

~~Leo usinisemeshe.~~ Nisubiri tule pamoja.

Siku nyingine ukitaka kunifurahisha, nioshe mimi miguu. Trekta liache na vumbi lake.

Mama watoto