Kunyonya Mara ya Tano

Mikindani, 9 Machi 1952

Baba Abeid,

Salamu zikufikie huko kambi ya reli, Nachingwea. Sisi wazima. Abeid ameota meno mawili, na mihogo imeshika vizuri.

Nilikuandikia habari za kichanga wa jirani yetu Mwanaiba, aliyefariki akijifungua. Baba wa mtoto amekubali tumlee, ila Bi Hamisa mkunga alitaka kwanza anifunze. Siku nne sasa anakuja kunionyesha namna ya kumwogesha na kumnywesha maziwa ya mbuzi kwa kijiko. Ananicheka, "Mwenzangu, unamshika kama umebeba kikapu cha dagaa." Sharti lake ni moja: nisimpe ziwa mpaka jibu lako lifike. Akishiba ziwa langu mara tano, kwa sheria yetu anakuwa binti yako na dada wa Abeid, na jambo hilo halitenguki.

Jibu lako halijafika. Maziwa ya mbuzi anayatapika, na jana hakuwa na nguvu hata ya kulia. Nikamnyonyesha mara tatu, na leo asubuhi mara moja. Nilipomwambia Bi Hamisa alisema, "Hapo sina la kukufundisha. Mwandikie mumeo."

Najua ulisema mmoja anatutosha kwa sasa. Naogopa utanikasirikia, na haki unayo. Lakini barua hii itakawia njiani, na yeye ameshaamka, anatafuta kifua changu. Nampa.

Keshokutwa anatimiza siku saba. Nitamwita Hadija, jina la mama yako.

Mkeo,
Somoe