Tabia ya Nchi

Musonoi, Kolwezi

Mdogo wangu Kabedi,

Nakusalimu wewe na wote wa Sandoa. Paa halivuji, kwa hiyo usinihimize tena kuhama, na kuku uliyeniachia bado ananidharau.

Shule imeniagiza mimi, mwalimu wa Kiswahili, nifundishe mabadiliko ya tabianchi na mazingira pamoja na Mama Amisa wa sayansi. Yeye aeleze maji na udongo, mimi nieleze watu. Nilianza vizuri: tabianchi ni tabia na nchi. Mwanafunzi mmoja akasimama.

"Tata Mwalimu, inchi ilifanya tabia gani mubaya?"

Nikamsahihisha: nchi, si inchi, mbaya, si mubaya.

Mama Amisa akacheka. "Tata, umemaliza kumusahihisha. Sasa umujibie."

Nikajibu kwamba nchi haina kosa, wenye kosa ni sisi tunaoichimba. "Kwa mfano, nyumbani kwangu tulikuwa na kisima."

"Mulikuwa?" akauliza Mama Amisa.

Kitenzi cha wakati uliopita kilinitoka kinywani bila ruhusa: kisima kimekauka, na nilikuwa nimewaficha wote, hata wewe. Basi ikabidi tuendelee. Mama Amisa akaeleza jinsi pampu za mgodi zinavyoyavuta maji ya chini mpaka visima vya jirani vinakauka. Mimi nikaeleza kwa nini mzee kama mimi hubeba ndoo ya maji kila asubuhi badala ya kuhama. Darasa zima lilielewa, kasoro mimi.

Kwa hiyo nitakuja kukaa kwako. Tayarisha chumba. Nikifika, neno "nilikuambia" lisitumike, hata kama sarufi yake ni sahihi.

Kaka yako mkubwa,
Kalumba