Kura Yangu ya Kuhamia Singida

Alhamisi, jioni. Baridi. Mlima Meru haujaonekana tangu Jumatatu.

Hili sikuwa nimemwambia mtu yeyote hadi leo: ile kura ya tatu ni yangu.

Baba ni fundi wa magari ya watalii kule Kisongo. Msimu wa wageni ukiisha, kazi nayo inaisha, lakini kodi ya nyumba yetu hapa Sombetini haina msimu. Rafiki yake wa zamani aliyeko Singida amempa habari za nyumba ya vyumba vitatu, kiwanja kipana, mahali pa kufuga kuku. Anasema kule tutapumua. Mama naye anaona heri, maana baridi ya hapa inamtesa kifua.

Ninawaelewa. Lakini shuleni mimi ndiye ninayetunza ufunguo wa maktaba. Ni chumba kidogo chenye rafu nne, na ndipo mahali pekee ninapoongea bila sauti kutetemeka. Mdogo wangu Elibariki ana timu yake ya mpira. Mama mdogo Ndeshi, tunayeishi naye, ana saluni hapa mtaani, na wateja hawapakiwi kwenye lori.

Basi Jumapili iliyopita, baada ya ibada, baba akaitisha kikao. Watu watano, vikaratasi vitano vya siri ndani ya hotipoti. Wengi wape, alisema. Mimi, Eli na mama mdogo tulishakubaliana tangu Ijumaa kwamba tunabaki. Eli ndiye aliyetuzungukia mmoja mmoja na kutuomba.

Ila tulipokuwa tunatoka kanisani, baba alinishika bega, tukabaki nyuma ya wengine.

"Mwanangu, wewe ndiye msomi wa nyumba hii," alisema. "Mimi sijaamua kitu. Nataka nijue wewe unaonaje."

Hajawahi kuniambia maneno kama hayo. Nilitazama viatu vyake, vimelika upande mmoja, nikaona aibu kuwaza rafu nne za vitabu.

Nikaandika "tuhame".

Tatu kwa mbili. Eli alimkodolea macho mama mdogo, na tangu siku ile hampi shikamoo. Juzi alimfuata saluni, akamwambia mbele ya mteja, "Si ulisema tunabaki? Kumbe domo tu." Mteja akacheka. Mama mdogo alimjibu, "Haya baba, nenda kacheze mpira."

Yeye anajua. Anajua alichoandika yeye, na anajua Eli asingeweza kuandika kingine. Nani amebaki? Lakini hajanisema. Ananipakulia chakula kama kawaida, na mimi nakimeza kama kawaida.

Hilo peke yake lilikuwa linanitosha. Halafu ikaja leo.

Mwalimu wa darasa aliniita nje. Alifikiri ninajua. Akanipa hongera, shule ya Singida imekubali kunipokea, akanionyesha barua ya kuomba uhamisho ili nihakiki jina langu. Mwandiko ulikuwa wa baba. Tarehe ilikuwa ya wiki tatu kabla ya kikao.

Wiki tatu.

Nikasema, "Asante, mwalimu," nikarudi darasani. Kipindi kizima cha jiografia sikuandika hata mstari.

Angetuambia tu kwamba tunahama, ningenuna, kisha ningefunga begi. Ni baba, na maisha ya hapa yamempiga. Kinachoniuma ni yale maneno ya njiani. Nimeyabeba siku nne kama tuzo. Nilijiona mtu mzima. Kwa ajili yake nilivunja ahadi, nikamwacha mama mdogo anatukanwa, na muda wote huo barua ilikuwa imeshatumwa. Kura yangu haikuwa na kazi yoyote zaidi ya kumfanya baba ajisikie vizuri.

Jioni nilimkuta uani ananawa grisi mikononi.

"Shikamoo baba. Ile barua ya uhamisho uliandika lini?"

Aliendelea kusugua. "Nafasi za shule hazisubiri, mwanangu."

"Na kama kura zingekataa?"

"Zingekataaje? Nilikuwa na wewe."

Alisema kwa upole kabisa. Nadhani alikuwa ananisifu.

Nilimgeuzia mgongo nikaondoka, jambo ambalo sijawahi kulifanya. Eli alikuwa amekaa kizingitini anavua viatu vya mpira. Nikakaa pembeni yake, nikamwambia si mama mdogo, ni mimi.

"Wewe?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

Nilikuwa na maneno mengi, haya yote niliyoandika hapa. Nikasema, "Baba aliniomba."

Alimalizia kuvua kiatu cha pili.

"Na mimi nilikuomba," akasema, akaingia ndani.

Nikainuka, nikaenda saluni kumwambia mama mdogo, ingawa anajua.